Mbinu za utafiti katika saikolojia tumizi: jifunze kwa swali moja, kuanzia kijiweni hadi kwenye tasnifu

Kozi ya mbinu za utafiti katika shahada ya uzamili hufundishwa sura kwa sura: wiki hii usampulishaji, wiki ijayo vipimo, baada ya hapo takwimu. Mwanafunzi anafaulu mtihani, kisha anafungua kompyuta aandike pendekezo la tasnifu na hajui aanzie wapi, kwa sababu sura zile hazijawahi kukutanishwa kichwani mwake juu ya jambo moja.

Njia ninayoipendekeza ni hii: mapema kabisa, hata kabla hujapewa msimamizi, chagua swali moja dogo na kila unachofundishwa ulipeleke kwenye swali hilo wiki hiyo hiyo. Si lazima liwe ndilo la tasnifu yako. Hapa nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, madereva wa bodaboda, ajali na sonona. Wewe unaweza kuweka wauguzi wa zamu ya usiku, walimu wa darasa la watoto themanini, au wakimbizi waliohamia mjini. Hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Punguza mada mpaka iwe swali

"Athari za kisaikolojia za bodaboda nchini Tanzania" ni kichwa cha habari. Swali la utafiti lazima lionyeshe ni watu gani, wa wapi, unapima nini na unalinganisha na nini. Mfano: *Je, madereva wa bodaboda wa Temeke waliopata ajali ndani ya miezi 12 iliyopita wana dalili nyingi za sonona kuliko wenzao ambao hawakupata?*

Sasa libane kila neno. Ajali ni nini? Kuteleza kwenye tope na kuchubuka goti, au kugongwa na lori na kulazwa? Usipoamua wewe, kila dereva ataamua kivyake na utakuwa umepima vitu kumi kwa jina moja. Amua, kwa mfano, kwamba ajali ni tukio la barabarani lililomfanya dereva akose kazi kwa siku moja au zaidi. Ufafanuzi wa namna hii, unaosema jambo litatambuliwaje uwandani, ndio ufafanuzi wa kiutendaji. Uandike kwenye daftari, pamoja na tarehe na sababu. Daftari hilo la maamuzi litakusaidia sana siku ya kutetea kazi yako.

Kuhusu kusoma machapisho: makala kumi ulizosoma vizuri zinakufaa kuliko sitini ulizonukuu muhtasari. Pitia Google Scholar, PubMed na African Journals Online, na muulize mkutubi kama chuo chako kina Research4Life, maana majarida mengi ya kulipia hufunguka kwa njia hiyo. Ukifungua makala, ruka utangulizi na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu. Chora jedwali lenye safu tano: waliohojiwa ni nani, walipatikanaje, walipimwa kwa nini, usanifu (yaani muundo wa utafiti) gani ulitumika, na nani hakuwemo. Safu ya mwisho ndiyo wanafunzi wengi hawaijazi. Mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan walionyesha kwamba karibu washiriki wote wa tafiti za majarida makubwa ya saikolojia, takriban asilimia 96, walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, wakati nchi hizo zina kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kwa hiyo makala inaposema "binadamu huelekea kufanya hivi", angalia kwanza ni binadamu wa wapi waliojaza dodoso.

Hatua ya 2: Chora mishale

Chukua karatasi. Andika "ajali" kushoto, "sonona" kulia, na mshale katikati. Kisha jiulize ni kitu gani kingine kinaweza kuleta picha hiyo hiyo.

Fikiria pikipiki ya mkataba. Dereva anayelipa mkataba lazima apeleke hesabu kwa bosi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Hilo linamfanya aendeshe saa nyingi, tena usiku, akiwa amechoka, na hatari ya ajali inapanda. Deni hilo hilo linamnyima usingizi na raha. Basi deni linaweza kuzaa ajali na sonona vyote viwili, hata kama ajali yenyewe haijasababisha sonona hata chembe. Deni hapa ni kigeu cha kuchanganya. Ukikiona mapema, unaongeza maswali mawili kwenye dodoso: pikipiki ni ya nani, na kwa siku unapeleka kiasi gani. Ukikigundua baada ya kurudi kutoka uwandani, hakuna programu ya takwimu itakayokuokoa.

Geuza mshale. Mtu mwenye sonona hulala vibaya na hukosa umakini, kwa hiyo huenda sonona ndiyo iliyotangulia na ajali ikafuata. Hilo nalo liandike.

Halafu uliza: nani hayupo? Ukifika kijiweni saa nne asubuhi utawakuta waliopona. Aliyevunjika paja yuko wodini au kwao kijijini. Aliyeiogopa barabara ameshauza pikipiki na anafanya biashara nyingine. Aliyefariki hutamkuta. Waliobaki ni wale ambao ajali haikuwaondoa kazini, na inawezekana ndio wenye nafuu kuliko wote. Ukiwapima hao peke yao unaweza kukuta hakuna tofauti yoyote na kuandika kwamba ajali haziwaathiri madereva, jambo ambalo lingekuwa kosa kubwa lililotokana na mahali uliposimama. Dawa kamili haipo, ila ipo nusu dawa: vijiwe vyenye daftari la wanachama vinajua nani aliondoka mwaka uliopita, na mwenyekiti wa kijiwe mara nyingi ana namba yake. Mwombe mwenyekiti awapigie kwanza na kuwauliza kama wako tayari kuzungumza na wewe.

Kwa maoni yangu, jioni moja ya kuchora mishale inafundisha mbinu za utafiti kuliko mwezi wa kukariri aina za usampulishaji.

Hatua ya 3: Chagua usanifu unaolingana na unachotaka kudai

Kanuni ni kwamba dai lako lisizidi usanifu wako. Ukiwahoji madereva mara moja, unaweza kusema kundi moja lina dalili nyingi kuliko jingine. Huwezi kusema ajali imesababisha. Ukiwapima leo na kuwafuata kwa mwaka, unajua angalau nini kilitangulia. Ukitaka kusema msaada fulani unapunguza dalili, unahitaji kundi la kulinganisha, na ikiwezekana mgawanyo wa nasibu, yaani kura ndiyo iamue nani apate msaada na nani asipate.

Mfano mzuri wa mgawanyo wa nasibu upo karibu na sisi. Nchini Zimbabwe, wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao akina bibi, walifundishwa tiba ya kutatua matatizo na kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mradi unaitwa Friendship Bench. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA: kliniki 24 za Harare, washiriki 573, na miezi sita baadaye waliopata huduma ya benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu. Wewe msomaji wa mbinu, tazama mambo mawili. Nasibu iligawa kliniki nzima nzima, haikugawa mgonjwa mmoja mmoja, kwa sababu kwenye kliniki moja wagonjwa wa makundi mawili wangesimuliana na mhudumu yule yule angewahudumia wote. Na kipimo kikuu kilikuwa dodoso la dalili lililotengenezwa Zimbabwe kutokana na jinsi Washona wanavyoyaeleza mateso ya akili. Rudi kwenye swali lako: kama ungetaka kuwapa madereva mafunzo, ungegawa madereva au vijiwe? Vijiwe, bila shaka. Habari kijiweni haifichiki.

Kwa tasnifu ya uzamili, utafiti wa mkupuo mmoja uliofanywa kwa uangalifu unatosha na wala si aibu. Aibu ni kuandika neno "athari" kwenye kichwa cha utafiti wa namna hiyo.

Hatua ya 4: Kipimo, na hapa usiharakishe

Tasnifu nyingi huvunjikia hapa, na kwa bahati mbaya hapa ndipo kozi nyingi hupita mbio.

Sonona haionekani kwa macho. Unachopata ni majibu ya maswali. Kwa mfano wetu nitatumia PHQ-9, dodoso la dalili za sonona lililochapishwa na Kroenke, Spitzer na Williams mwaka 2001, ambalo halilipiwi. Lina vipengele tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila kimoja kinapewa alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Alama 5, 10, 15 na 20 ni mipaka ya dalili kidogo, za wastani, zilizozidi wastani na kali.

Jambo la kwanza, angalia leseni. Si kila kipimo ni cha bure. Dodoso la uchovu wa kazi la Maslach, kwa mfano, linauzwa kwa idadi ya nakala, na wanafunzi huligundua hilo baada ya pendekezo kupitishwa.

La pili, tafuta ushahidi wa kipimo hicho kwa watu wanaofanana na wako. Utafiti wa Monahan na wenzake wa mwaka 2009 uliichunguza PHQ-9 kwa watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya, na nyingine zimefuata Kenya na Tanzania. Hizo zinakupa mahali pa kuanzia. Hazikupi ruhusa ya kunakili sentensi "kipimo hiki ni halali" na kuendelea na safari. Uhalali si mhuri unaogongwa kwenye kipimo mara moja. Unategemea matumizi, watu na mazingira.

Tazama vipengele vyenyewe. PHQ-9 inauliza kuhusu uchovu, usingizi na hamu ya kula. Dereva anayeanza saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nne usiku amechoka, amelala kidogo, na amekula chipsi akiwa amesimama. Anaweza kufikisha alama sita kwa vipengele hivyo vitatu peke yake bila huzuni yoyote. Mwenye maumivu ya mfupa uliovunjika atakosa usingizi kwa sababu ya mfupa. Kwa hiyo kundi la waliopata ajali linaweza kuwa na alama nyingi kwa sababu za kimwili. Panga tangu sasa kwamba utachambua jumla ya alama, kisha uchambue tena vipengele vya hisia peke yake, na uyatoe matokeo yote mawili.

La tatu, tafsiri. Kama tayari kuna toleo la Kiswahili lililochunguzwa, anza na hilo. Kama halipo, utaratibu uliozoeleka tangu Brislin aandike mwaka 1970 ni watafsiri wawili, mmoja kuja Kiswahili na mwingine, ambaye hajaona toleo la asili, kurudisha, kisha kulinganisha. Ni hatua muhimu, lakini usiishie hapo. Tafsiri inaweza kurudi vizuri kabisa na bado dereva asielewe swali kama ulivyolikusudia. Ndiyo maana kuna usaili wa kuchunguza uelewa: keti na madereva wachache, msomee kila mmoja kipengele, kisha muulize, "Kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini?" na "Umefikaje kwenye jibu hilo?" Utashangaa. Chaguo la "zaidi ya nusu ya siku" husumbua sana. Watu wengi hawahesabu mateso yao kwa nusu. Unaweza kumuuliza siku ngapi kati ya 14, kisha wewe ukaweka alama: siku 0 hadi 1 ni sifuri, 2 hadi 6 ni moja, 7 hadi 11 ni mbili, 12 hadi 14 ni tatu. Ukifanya hivyo, ufanye kwa wote na uandike kwamba umefanya.

La nne, uthabiti. Utaambiwa utoe alfa ya Cronbach na kwamba ikifika 0.70 umepona. Alfa inaonyesha kiasi gani vipengele vinakwenda pamoja. Haisemi kwamba vinapima sonona, wala kwamba vinapima kitu kimoja. Ukiwa na vipengele vingi, alfa hupanda tu. Itoe, lakini angalia pia kila kipengele kinahusianaje na vilivyobaki. Kipengele kisichokwenda na wenzake kina habari ya kukupa.

Na la mwisho: kuchuja si kutambua ugonjwa. Katika utafiti wa awali, mpaka wa alama 10 uliwanasa asilimia 88 ya wenye sonona kubwa na kuwaachia asilimia 88 ya wasio nayo. Inasikika vizuri. Sasa chukua watu 1,000 ambao asilimia 10 kati yao wana sonona. Wenye sonona ni 100, kipimo kitawanasa 88. Wasio nayo ni 900, na kipimo kitawanasa kimakosa 108. Jumla walionaswa ni 196, na wenye sonona kweli hawafiki nusu. Ukiandika "asilimia 20 ya madereva wana sonona" kwa sababu walipata alama 10, umeandika uongo kwa nia njema. Andika "walikuwa na alama 10 au zaidi".

Hatua ya 5: Idadi ya washiriki

Karibu kila tasnifu ya Afrika Mashariki utakayofungua ina kanuni ya Yamane au jedwali la Krejcie na Morgan. Kanuni ya Yamane ni rahisi: ukiwa na madereva 400 na kosa la 0.05, unagawa 400 kwa 2 na kupata 200. Shida ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya kukadiria asilimia fulani katika jamii. Swali letu linalinganisha makundi mawili, na hapo kanuni hiyo haina la kusema.

Unachohitaji ni hesabu ya nguvu ya takwimu: kama tofauti ipo kweli, sampuli yako ina nafasi gani ya kuiona? Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 80. Pakua G*Power, ni ya bure, kutoka Chuo Kikuu cha Heinrich Heine cha Düsseldorf. Kwa jaribio la t, linalolinganisha wastani wa makundi mawili, mpaka wa 0.05 wa pande mbili (unakubali nafasi ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo, upande wowote ule) na tofauti ya ukubwa wa kati (d, kipimo cha ukubwa wa tofauti, ya 0.5), inakupa watu 64 kila kundi, jumla 128. Kwa tofauti ndogo ya 0.2 inakupa 394 kila kundi. Pitisha macho tena kwenye namba hizo mbili. Ndizo zitakazokufanya uache kusema "sampuli ya 100 inatosha".

Bado kuna jambo moja. Madereva wa kijiwe kimoja wanafanana: barabara ile ile, abiria wale wale, askari yule yule. Ukichukua 10 kutoka kijiwe kimoja hujapata habari za watu 10 kamili. Zidisha kwa 1 + (m − 1) × ICC, ambapo m ni idadi kwa kijiwe na ICC ni kiasi cha kufanana. Kwa m ya 10 na ICC ya 0.05 unapata 1.45, na 128 inakuwa 186. Ni vijiwe 19. Ongeza kidogo kwa watakaokataa au kukatisha. Kumbuka pia kwamba hesabu hiyo inachukulia makundi yanalingana; kama waliopata ajali ni wachache vijiweni, itabidi uwatafute kwa makusudi.

Hatua ya 6: Vibali na maadili

Anza mapema kuliko unavyodhani. Tanzania, utafiti wa afya unapitia kamati ya maadili ya chuo au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kisha barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi mtaani. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya. Kenya, baada ya kamati ya maadili unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mwenyekiti wa kijiwe hayumo kwenye karatasi hizo zote, lakini bila yeye hutazungumza na mtu.

Kijiweni hakuna faragha. Ukimuuliza dereva kuhusu kulia au kukata tamaa mbele ya wenzake, atacheka na kusema hana shida. Tafuta chumba cha jirani, na fikiria kabla ya kuchagua ofisi ya serikali ya mtaa, maana kuna wenye sababu zao za kuikwepa. Kuhusu fidia, dakika arobaini za dereva ni abiria waliopotea, kwa hiyo kumlipa ni haki. Kiasi kikubwa mno, lakini, kinanunua ridhaa. Jadiliana na kamati na uandike ulivyofikia kiasi hicho.

Kipengele cha tisa cha PHQ-9 kinauliza kuhusu mawazo ya afadhali kufa au kujidhuru. Usikiingize kwenye dodoso kama hujui utafanya nini dereva akijibu "karibu kila siku". Kabla ya siku ya kwanza uwe na mtaalamu wa afya ya akili aliyekubali kupokea watu wako, njia ya kumfikisha hapo siku hiyo hiyo, na utaratibu wa kuangalia jibu hilo kabla dereva hajainuka kwenye kiti. Wanaoweka madodoso kwenye bahasha na kuyafungua mwezi unaofuata wanacheza na maisha ya watu. Mfafanulie pia mshiriki mipaka ya siri kabla ya kusaini. Kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, jina lisikae kwenye fomu moja na majibu. Weka namba ya siri kwenye dodoso, na orodha ya majina ifungiwe mahali pengine. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuhusu hata ukiwa mwanafunzi.

Hatua ya 7: Jaribio la awali na uwandani

Jaribu dodoso zima kwa watu ishirini hivi ambao hawatakuwemo kwenye utafiti mkuu. Pima muda. Angalia swali gani linarukwa, wapi watu wanatazama simu. KoboToolbox inakuruhusu kujaza kwenye simu bila intaneti na kukataa jibu lisilowezekana, kama umri wa miaka 230. Wasaidizi wako wafundishwe kusoma swali kama lilivyo. Msaidizi mwenye huruma anayelainisha maswali anaharibu data kwa upole. Epuka mchana wa Ijumaa, na mvua kubwa.

Hatua ya 8: Uchambuzi ulioamuliwa kabla

Kabla hujakusanya, chora majedwali matupu: vichwa vya safu vipo, namba hazipo. Andika ni jaribio gani litajibu swali lako kuu na vigeu gani (umri, saa za kazi, mkataba) vitaingia kwenye rigresheni, uchambuzi unaolinganisha makundi huku ukizingatia vigeu hivyo. Mpango huo unaweza kuusajili bure kwenye Open Science Framework, tovuti ya kuhifadhi mipango na data za utafiti.

Kwa nini kujifunga hivyo? Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 za zile za awali zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu. Marudio yaliyofika hapo yalikuwa asilimia 36. Sababu ziko nyingi, mojawapo ni mtafiti kuendelea kujaribu njia za uchambuzi mpaka moja impe anachokitaka, tena bila kukusudia udanganyifu. Ukijaribu majaribio 20 yasiyo na kitu, kwa wastani moja litavuka mpaka wa 0.05 kwa bahati tu.

Programu: JASP na jamovi ni za bure, zina menyu kama SPSS, programu ya takwimu ya kulipia. R, ambayo unaiandikia amri, inachukua muda kuizoea, lakini kila hatua inabaki imeandikwa. Anza na grafu. Alama za PHQ-9 huwa zimerundikana chini, wengi na alama chache, wachache na nyingi. Wastani peke yake utakudanganya. Toa tofauti ya wastani pamoja na masafa yake ya uhakika (kuanzia wapi hadi wapi tofauti halisi inaweza kuwa), kisha rigresheni inayozingatia vijiwe.

Na ujue p, namba ambayo programu inakupa uilinganishe na mpaka wa 0.05, inasema nini. Thamani ya p ya 0.03 haimaanishi kuna uwezekano wa asilimia 97 kwamba uko sahihi. Inamaanisha kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote, tofauti kubwa kama uliyoiona au zaidi ingetokea mara 3 hivi kati ya 100. Muulize mwenzako akueleze hili bila kusoma. Wengi, hata waliokwisha hitimu, hukwama.

Hatua ya 9: Mahojiano ya kina, kama unayahitaji

Usiyaongeze ili tasnifu ionekane "mchanganyiko". Yaongeze kama kuna swali ambalo namba haziwezi kujibu, kwa mfano kwa nini waliopata ajali wengine hurudi barabarani ndani ya wiki moja. Wengi hutumia uchambuzi wa dhamira wa Braun na Clarke wa mwaka 2006, wenye awamu sita, ambao hutafuta mawazo makuu yanayojirudia kwenye simulizi. Epuka kuandika kwamba "dhamira ziliibuka". Haziibuki zenyewe; wewe ndiye uliyeziunda kutokana na simulizi, na msomaji anataka kuona ulivyofika hapo.

Hatua ya 10: Kuandika na kurudisha

Sura ya mbinu iandike ukiwa bado uwandani, kumbukumbu zikiwa mbichi. Kwenye mapungufu, acha "ufinyu wa muda na fedha". Kila mtu ana ufinyu huo na haumwambii msomaji kitu. Andika pungufu, kisha uelekeo wake: *tuliwakosa walioacha kazi baada ya ajali, kwa hiyo tofauti tuliyoikuta huenda ni ndogo kuliko ilivyo.* Sentensi ya namna hiyo inamwonyesha mtahini kwamba umeelewa.

Andaa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya vijiwe vilivyoshiriki, bila alama za mtu mmoja mmoja na bila kutaja kijiwe gani kilikuwa na alama nyingi, maana jina la kijiwe chenye "wagonjwa" halitafutika haraka kwa abiria. Weka humo kituo cha afya ambako dereva anaweza kupata msaada, saa za kufungua na gharama. Upeleke mwenyewe, asubuhi, kabla ya abiria kuwa wengi.